Tsuruga: kwa nini kila treni inaishia kwenye kamji haka kadogo

Ukifungua ramani ya reli za Japani, pwani ya upande wa Bahari ya Japani, kaskazini kidogo ya Kyoto, utaona kamji kanaitwa Tsuruga. Kako mkoa wa Fukui, watu elfu sitini na kitu hivi, bandari, hekalu la zamani, vinu vya nyuklia jirani, basi. Sasa hapo ndo ajabu inapoanzia. Shinkansen, yaani treni ya kasi, ya kutoka Tokyo inaishia hapo. Ekspresi ya kutoka Osaka inaishia hapo. Ekspresi ya kutoka Nagoya inaishia hapo. Treni za kawaida za kutoka Fukui mjini zinaishia hapo, na kareli ka pembeni ka kwenda Obama (mji huo jamani, sio yule mzee wa Chicago) nako kanaanzia hapo hapo. Kutwa nzima watu wanashushwa, wanapanda eskaleta, wanahamia treni nyingine, na wengi wao mji wenyewe hawana shida nao, hata mlango wa kutokea nje hawauoni.

Mtu akiiona hiyo mara ya kwanza anasema hawa watu wamepanga vibaya. Mi naona sio hivo. Tsuruga ni mpaka, tena mipaka mitatu imepandana sehemu moja: upana wa reli unabadilika pale, umeme unabadilika pale, na mwenye reli anabadilika pale. Juu ya hayo kuna siasa ambayo haijaisha, ndo maana mpaka wenyewe ulitakiwa uwe wa muda tu na sasa unaelekea kukaa miaka na miaka.

Nianze na upana wa reli maana ndo mzizi wa fitina.

Reli za mwanzo za Japani zilianza 1872 kwa upana wa milimita 1,067, ule ule wa TAZARA, na karibu mtandao wote wa kawaida mpaka leo ni huo. Shinkansen ilipokuja 1964 wakaamua kuanza upya kabisa na milimita 1,435, upana wa SGR ya Kenya na ya Tanzania, kwa hiyo treni ya kasi haiingii reli ya zamani na ya zamani haiingii reli ya kasi. Mtanzania haya mambo hahitaji kufundishwa sana, sisi tuna reli ya kati ya zamani ya milimita 1,000, tuna TAZARA, tuna SGR, na mzigo wa TAZARA unaotaka kwenda reli ya kati inabidi uhamishwe pale Kidatu. Tsuruga ni tatizo hilo hilo, ila kinachohamishwa ni abiria, na abiria analalamika.

Shinkansen ya Hokuriku (ndo jina la ukanda huu wa pwani) imekuja kwa vipande. 1997 ilifika Nagano, 2015 ikafika Kanazawa, halafu tarehe 16 Machi 2024 ikaongezwa kilomita 125 kutoka Kanazawa mpaka Tsuruga. Hicho kipande cha mwisho kilitakiwa kifunguliwe mwaka mmoja kabla ila kikachelewa, handaki la Kaga lilipata nyufa na ujenzi wa stesheni ya Tsuruga yenyewe ukawa nyuma ya ratiba. Sasa unaweza kujiuliza kwa nini wasiishie Fukui ambako ndo makao makuu ya mkoa na watu ni wengi zaidi. Jibu liko kusini. Reli ya kutoka Osaka na Kyoto inapita magharibi ya Ziwa Biwa, ya kutoka Nagoya inapita Maibara mashariki ya ziwa, zinakutana Omi-Shiotsu, na stesheni kubwa ya kwanza baada ya hapo ni Tsuruga. Yaani watu wa magharibi na wa mashariki wote wanaoenda kaskazini lazima wapite hapo, hakuna kona nyingine.

Na mpango wa awali haukuwa kumshusha mtu. Kulikuwa na mradi wa treni yenye magurudumu yanayosogea, yaani inafika sehemu maalum, inapita polepole, magurudumu yanajibana au yanajitanua kwenye ekseli, inatokea upande wa pili tayari inaweza kutembea kwenye reli ya upana mwingine. Hispania wanazo miaka mingi. Ilikuwa ipite Tsuruga bila abiria kunyanyua makalio. Wajapani wakaijaribu na kuijaribu, wakakwama kwenye kuchakaa kwa ekseli na gharama za matengenezo, kampuni ya reli ya Kyushu ambayo nayo ilikuwa inaisubiri ikajitoa 2017, na 2018 serikali ikaachana nayo kwa upande wa Hokuriku pia. Hapo ndo ikabaki njia moja tu, watu washuke.

Wakishaamua watu washuke, swali linakuwa jinsi ya kuwahamisha haraka, tena wengi kwa mpigo. Wakaja na jengo moja refu, shinkansen juu kabisa, ekspresi chini yake, na katikati ukumbi wa kupitia. Jengo lina urefu wa kama mita 37, sawa na ghorofa 12, na ukiwa nje unaliona limesimama peke yake karibu na milima kama meli iliyopandishwa nchi kavu, limeuzidi mji wote.

Tuchukue abiria anayetoka Osaka na Thunderbird, hiyo ndo ekspresi yao. Safari ni kama saa moja na dakika ishirini kwa zile za haraka. Treni haiendi kwenye platifomu za zamani, inaingia chini ya jengo jipya, platifomu namba 31 mpaka 34. Unashuka, unakuta eskaleta, ngazi na lifti, unapanda ghorofa ya pili kwenye ukumbi mpana wenye mstari mrefu wa mageti ya tiketi. Hapo usiweke tiketi moja moja, zinaingia zote kwa pamoja kwenye tundu moja, ya nauli, ya ekspresi uliyoshuka na ya shinkansen unayoiendea, mashine inazimeza inachekecha inakurudishia zile ambazo bado zina kazi. Ukisahau kuzichukua upande wa pili ujue umeumia. Halafu eskaleta tena mpaka ghorofa ya tatu, platifomu 11 mpaka 14, shinkansen imeshafungua milango.

Muda wa kawaida uliopangwa kwa yote hayo ni dakika 8. Kijana mwenye begi la mgongoni zinamtosha na zinabaki za kununua maji. Ila ukiwa na mama mtu mzima, mtoto wa kubeba na masanduku mawili ya magurudumu, foleni ya lifti itakufundisha adabu. Ushauri wangu ni kwamba treni ikianza kupunguza mwendo we simama, sogea mlangoni, usiwe mtu wa kusubiri isimame kabisa ndo uanze kushusha mizigo, maana watu wa mabehewa yote wanamiminika kwenye eskaleta zile zile kwa wakati mmoja.

Ratiba yenyewe imefungwa kwa hiyo dakika 8. Walipofungua, Thunderbird zilikuwa 25 kwenda na 25 kurudi kwa siku, na shinkansen fupi zinazoitwa Tsurugi, zinazoishia Kanazawa au Toyama, nazo zikawekwa 25 kwenda na 25 kurudi, sio bahati mbaya, kila moja ina mwenzake. Ekspresi ya Nagoya na Maibara inaitwa Shirasagi, hizo 15 kila upande. Na za moja kwa moja mpaka Tokyo ni 14 kila upande, Kagayaki ambazo zinasimama vituo vichache na Hakutaka zinazosimama vingi, ile ya haraka zaidi inatumia saa 3 na dakika 8. Angalizo moja, Thunderbird na Shirasagi tangu siku ile siti zote ni za kubuku, mambo ya kudandia ukatafute siti mbele ya safari yameisha, na Kagayaki nayo ni hivo hivo. Tsurugi na Hakutaka bado zina mabehewa ya siti huria.

Adui mkubwa wa hizo dakika 8 ni upepo. Reli ya Kosei inayopita magharibi ya Ziwa Biwa iko chini ya milima ya Hira, na upepo unaoshuka hapo unajulikana kwa ukorofi, ukizidi kiwango treni zinasimamishwa au Thunderbird inazungushwa upande wa Maibara, inachelewa nusu saa na zaidi. Zamani ilikuwa unachelewa tu, unakaa kwenye siti yako unasinzia unafika Kanazawa usiku. Sasa unachelewa halafu unakosa na mwenzake wa juu, na kule juu nako wanaamua wamsubiri mgeni au waondoke waokoe ratiba ya huko mbele.

Sasa hela, maana hapa ndo kelele zilipo. Tiketi ya Japani kwa safari kama hizi ina sehemu mbili, nauli ya umbali, na juu yake malipo ya ekspresi. Hayo malipo ya ekspresi yanakuwa nafuu kwa kilomita kadiri unavyoenda mbali kwa treni moja. Ukiikata safari vipande viwili, ekspresi mpaka Tsuruga halafu shinkansen, unalipia kuanza upya mara mbili. Zamani ukiunganisha shinkansen na ekspresi ulikuwa unapata nusu bei kwenye tiketi ya ekspresi, hilo punguzo nalo likafutwa siku ile ile kilipofunguliwa kipande cha Tsuruga. Matokeo yake Osaka mpaka Kanazawa ilikuwa yeni 7,790 ikawa 9,410. Tofauti 1,620. Na muda uliookolewa ni dakika 22, kutoka saa 2 na dakika 31 mpaka saa 2 na dakika 9 kwa treni ya haraka zaidi. Yaani unaongeza hela, unashuka katikati na mizigo yako, ufike mapema dakika 22, na mtu wa Osaka akikwambia ameibiwa utamwelewa.

Ila ukimuuliza mtu wa Fukui anakupa hesabu nyingine kabisa. Ye sasa anaingia shinkansen mjini kwake na kushuka Tokyo saa 2 na dakika 51 baadaye, hahami popote. Kwa hiyo shinkansen hii faida yake imeelekea Tokyo, na gharama yake ya usumbufu imeelekea Osaka na Nagoya. Kwa karne nzima watu wa Hokuriku biashara zao, vyuo vyao na ndoa zao nyingi zilielekea Osaka na Kyoto, na reli sasa inawavuta upande mwingine. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko urefu wa jengo.

Tuje kwenye mwenye reli. Japani ina utaratibu kwamba hizi shinkansen mpya zinajengwa na wakala wa serikali, JR, yaani yale makampuni makubwa ya reli ya Japani, inakodishiwa tu, na pesa inayobaki baada ya hesabu ya kodi hiyo serikali kuu inatoa theluthi mbili na mikoa theluthi moja. Na shinkansen ikifunguliwa, JR ina ruhusa ya kuitema ile reli ya zamani inayopita sambamba nayo, maana abiria wa ekspresi waliokuwa wanaleta faida wote wamehamia juu. Inayotemwa hiyo inachukuliwa na kampuni mpya ya mkoa, manispaa na wafanyabiashara wa pale pale. Ndo maana siku ile ile ya Machi 2024 reli ya kutoka Tsuruga kwenda kaskazini mpaka Daishoji ikaacha kuwa ya JR ikawa ya kampuni inaitwa Hapi-Line Fukui, kilomita 84.3. Jina linachekesha kidogo kwa kampuni iliyorithi reli ambayo mwenyewe hakuitaka tena.

Kwa abiria wa kawaida, mwanafunzi anayepanda kila siku, maana yake ni nauli imepanda kidogo kuliko alipokuwa chini ya JR, na akivuka mpaka wa Tsuruga anahesabiwa upya na kampuni ya pili. Reli kuu ya Hokuriku, ambayo enzi zake ilikuwa kilomita 353.8 kutoka Maibara mpaka Naoetsu, chini ya JR imebaki kilomita 45.9 tu, Maibara mpaka Tsuruga, kwingine kote kumegawanywa kwa vikampuni vya mikoa. Lakini mabehewa ya mizigo hayapandi shinkansen, kwa hiyo yale matreni marefu ya makontena yanayotoka Osaka kwenda Niigata na mpaka Hokkaido bado yanapita kwenye reli ya hiyo Hapi-Line. Yaani njia kuu ya mizigo ya taifa inashikiliwa na kampuni ya mkoa ambayo treni zake nyingi ni za mabehewa mawili. Mi bado hili linanishangaza.

Stesheni yenyewe inaendeshwa na JR Magharibi, Hapi-Line ni mgeni pale, anatumia zile platifomu za zamani, namba 1 mpaka 7. Kama umetoka shinkansen na unataka treni ya kawaida, hauendi chini ya jengo jipya, unapita njia ndefu ya juu yenye sakafu zinazotembea mpaka upande wa zamani, kwa hiyo ukikata tiketi za kuunganisha na treni ya kawaida usitumie hesabu ya zile dakika 8, jipe muda zaidi.

Umeme sasa, huu watu wengi hawaujui kwa sababu hauonekani. Kusini ya Tsuruga waya zina umeme wa moja kwa moja, DC, volti 1,500. Kaskazini yake, kwenye reli ya Hapi-Line, ni AC, umeme wa mkondo geu, volti 20,000. Shinkansen juu ya vichwa vyao ina AC volti 25,000. Reli ya Obama DC. Zote zinakutana uwanja mmoja. Ukitoka Tsuruga kwenda kaskazini, kabla ya kuingia handaki la Hokuriku, kuna kipande cha waya ambacho hakina umeme kabisa, dereva anakata nguvu, treni inateleza yenyewe kwa kasi iliyokuwa nayo mpaka ifike upande wa umeme mwingine. Kwenye treni za zamani taa zilikuwa zinazimika mle ndani kwa sekunde kadhaa na feni zinanyamaza, wenyeji wanaendelea kusoma gazeti gizani, mgeni anashtuka. Treni za sasa za mfululizo wa 521 zinakula umeme wa aina zote mbili na taa zake hazizimiki, ila ni ghali kuliko treni ya umeme mmoja, na Hapi-Line inalazimika kuwa nazo, kisa ni hicho kipande kifupi tu mlangoni mwa Tsuruga.

Mpaka huo wa umeme wala haukuwa pale zamani. 1957 walipoweka umeme kati ya Tamura na Tsuruga waliweka AC, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa Japani, kwa sababu AC inahitaji vituo vichache vya kupozea umeme na kwa reli isiyo na treni nyingi hiyo ni nafuu. Halafu baadaye watu wa Tsuruga na wa kaskazini ya Ziwa Biwa wakataka treni za haraka za bei ya kawaida kutoka Osaka, zinazoitwa Shinkaisoku, na hizo ni za DC tu. Mikoa na miji ikachangia hela, umeme ukabadilishwa, na Oktoba 2006 Shinkaisoku ikaanza kufika Tsuruga. Kwa hiyo mpaka ukasogezwa kaskazini kwa makusudi, kwa hela ya walipa kodi wa pale pale, ili mji uunganishwe na Osaka. Na sasa miaka chini ya ishirini baadaye ekspresi zote za Osaka zinakoma hapo.

Hapo lazima niseme kidogo kuhusu zamani, maana mji huu ulikuwa mkubwa kwenye reli kabla hata ya Tokyo kuwa na stesheni yake kuu. Reli ilifika Tsuruga 1882, ya kwanza kwenye pwani yote ya Bahari ya Japani, wakitaka kuunganisha bandari na Ziwa Biwa, na handaki la Yanagase la mita 1,352 lilipokamilika 1884 lilikuwa refu kuliko yote nchini. Stesheni ilihamia ilipo sasa 1909. 1912 ikaanzishwa treni ya kutoka Shimbashi, Tokyo, mpaka bandarini Tsuruga, pale abiria anapanda meli mpaka Vladivostok halafu reli ya Siberia mpaka Ulaya. Tiketi moja unakwenda nayo mpaka Paris, mtu wa Tokyo wa wakati ule Tsuruga kwake ndo ilikuwa mlango wa Ulaya. Na mlango huo ulifanya kazi pande zote mbili. Mayatima wa Kipolandi waliookolewa Siberia walishukia pale 1920 na 1922, na 1940 mpaka 1941 wakaja Wayahudi waliokimbia Lithuania na viza alizowaandikia Chiune Sugihara, balozi mdogo wa Japani kule Kaunas, wakashuka melini Tsuruga na wengi wakaendelea na treni mpaka Kobe. Kuna makumbusho ya habari hizo bandarini mpaka leo.

Tsuruga imezungukwa na milima pande tatu na hiyo imeipa kazi na majanga pia. Upande wa kusini treni ya kwenda Osaka inapanda kwa kuzunguka duara zima ndani ya milima, walilijenga 1963 kupunguza ukali wa mlima, ukikaa dirishani unauona mji halafu unapotea kwenye mahandaki. Upande wa kaskazini kuna handaki la Hokuriku, mita 13,870, lilifunguliwa 1962 na kwa miaka kumi likawa refu kuliko yote Japani. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1972 treni ya usiku iitwayo Kitaguni ilishika moto kwenye behewa la chakula ikiwa mle ndani, dereva akafuata kanuni, akasimamisha. Watu 30 wakafa, wengi kwa moshi. Kinachouma ni kwamba 1969 treni nyingine ilishika moto kwenye handaki hilo hilo, wale wahudumu wakaamua kuitoa nje ndo wazime, hakufa mtu, na wakaadhibiwa kwa kuvunja kanuni. Ni baada ya 1972 ndo adhabu ikafutwa na kanuni ikageuzwa, kwamba moto ukitokea handakini endesha mpaka utoke. Kanuni hiyo ilivyobadilika imegusa treni za nchi nzima, na chanzo chake ni handaki la jirani na stesheni hii.

Haya, hiyo hali ya kuhama treni itaisha lini? Ukiniuliza mimi, usisubiri. Mwisho wa 2016 walichagua njia ya kuiendeleza shinkansen kutoka Tsuruga kupitia Obama, Kyoto, mpaka Shin-Osaka, kama kilomita 140. Wakati ule makadirio yalikuwa yeni trilioni 2.1. Agosti 2024 yakatoka mapya, ukihesabu na mfumuko wa bei yanafika mpaka trilioni 5.3, na ujenzi unaweza kuchukua miaka 25 na zaidi, hapo bado hata hawajaanza. Sehemu kubwa ni mahandaki, na Kyoto wanaogopa maji yao ya chini ya ardhi, watengenezaji wa sake wa Fushimi wanategemea visima na hawataki mtu atoboe chini yao. Wengine wanasema bora ipelekwe Maibara, fupi zaidi na rahisi, ila pale itakutana na shinkansen ya Tokaido ya kampuni nyingine ambayo njia yake imeshajaa, kwa hiyo abiria atahama tena, safari hii Maibara. Kuhama kwenyewe kutakuwa kumehamia stesheni nyingine.

Kwa hiyo kama ni mgeni na umejikuta Tsuruga una saa mbili tatu, toka nje. Mlango wa upande wa shinkansen unaangalia milima na hauna mambo mengi zaidi ya maegesho, mji uko upande wa pili, magharibi. Hapo kuna jengo la kusubiria mabasi, na pembeni yake majengo mapya yaliyofunguliwa Septemba 2022 yenye hoteli, mgahawa na duka la vitabu linaitwa Chienamiki, ambalo mwenyewe ni manispaa. Ndio, duka la vitabu la manispaa, sio maktaba, vinauzwa, ila unakaa unasoma hakuna anayekufukuza. Barabara ya kutoka stesheni imepangwa sanamu za shaba za wahusika wa katuni za treni na meli za anga za juu, ziliwekwa 1999 mji ukisherehekea miaka 100 ya bandari kufunguliwa kwa meli za nje. Ukifuata hizo sanamu zinakufikisha hekalu la Kehi lenye lango la mbao la mita kama 11, limesimama tangu karne ya 17. Kuna basi la kuzunguka la watalii likikuchosha kutembea.

Na kwa wale wa bajeti ndogo: ekspresi sio lazima. Shinkaisoku inatoka Osaka mpaka Tsuruga kama saa mbili hivi kwa nauli ya kawaida tu, hakuna malipo ya ekspresi, ila angalia sana behewa unalopanda, treni inaondoka Osaka ikiwa ndefu halafu inakatwa njiani, Maibara au Omi-Imazu, na ni mabehewa manne tu yanayofika Tsuruga, ukipanda yale mengine utajikuta umebaki unaangalia wenzako wanaondoka. Ukitaka kuendelea kwenda Obama, kale kareli ka kilomita 84.3 (ndio, sawasawa na Hapi-Line, kila nikiiona hiyo namba najiuliza kama nimesoma vibaya) kana treni ya behewa moja au mawili, na ukiikosa moja nyingine inaweza kuwa baada ya saa nzima au zaidi, basi rudi pale kwa manispaa ukasome.